Punje Zilianguka Nje

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na mgongo umepunguza visa vyake. Nimesikia Baba naye magoti yanamsumbua, msalimie sana. Sisi huku hatujambo. Nyumba ni ile ile na kazi za nyumbani ni zile zile. Mume wangu anakusalimu. Amekaa hapa karibu yangu na amesema nisisahau kuandika salamu zake.

Ninachokuandikia ni habari ya gari. Mume wangu alinunua gari la umeme, sijui kama Baba alikuambia. Ni zuri mno. Halina mlio kabisa, ukiwa jikoni hujui kama limefika mpaka umwone mwenyewe mlangoni. Linafunguliwa na kufungwa kwa simu yake. Sasa kioo cha nyuma kimevunjika. Watoto walirusha jiwe. Watu wa bima wanataka maelezo marefu na mume wangu hapendi watu wa maswali, kwa hiyo amesema kwa kuwa wewe ni fundi wa vioo, nikuulize: gari kama hili linaweza kuwekwa kioo na fundi wa kawaida wa mtaani, au umeme wake una hatari?

Usijisumbue kupiga simu, yangu ni mbovu. Andika tu kwa anwani ya hapa nyumbani.

Mimi, mtoto wa kaka yako.


15 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki. Wewe wa kuandika ukurasa mmoja? Wewe uliyekuwa ukitumwa chumvi unarudi na habari za mtaa mzima, na chumvi umeisahau? Au huko mnauziwa wino kwa tone?

Mimi mzima. Mgongo ulinilaza kitambo, sasa nimeinuka na ninakwaruza vioo kama kawaida. Baba yako magoti yanamtesa, lakini mdomo hauna baridi yabisi. Anamsifu mumeo asubuhi na jioni, mkimya, mstaarabu, hapandishi sauti, mpaka jirani yangu fundi wa pancha akimwona anakuja anajificha nyuma ya matairi.

Haya, kioo. Mwambie mkwe wangu asitishike na umeme. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa ziko chini ya sakafu, mtu wa kioo hazimhusu, asizichokonoe tu. Aanze kwa kuchomoa ile betri ndogo, maana kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba za kupasha joto. Na bila betri ndogo gari la aina hiyo ni bati tupu. Halijifungi, halijifungui, wala halisikii simu ya mtu. Gundi ya zamani ikatwe lakini ubaki utando mwembamba, ile mpya ipate pa kushika. Asikwangue mpaka bati. Hilo sihitaji kukueleza wewe. Hujasahau gari la mwenye duka la viatu, ulivyolikwangua mpaka likang'aa kama sufuria, ukaniita nije nikusifu, na mimi nikakukimbiza na ufagio hadi kwa fundi wa pancha. Bati likiachwa wazi linaota kutu, kutu inasukuma gundi, na maji yanaingia. Kioo kiinuliwe na watu wawili. Kikishakaa, mmoja akishikilie mpaka kifungwe utepe, kwa sababu gundi mbichi inateleza. Gari lilale hapo hapo hadi kesho yake, na mtu asibamize mlango.

Sasa na mimi niulize. Kioo cha nyuma hakikatiki vipande, kinasagika punje, na wewe ndiye uliyekuwa ukizifagia. Hizo zenu zilianguka wapi, ndani kwenye kiti au nje juu ya buti? Nauliza kama fundi tu.

Shangazi yako.


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa barua. Mume wangu aliipitia juu juu, akacheka kuhusu chumvi, ya gundi akayaruka, akasema ni mambo ya mafundi. Alisema una maswali mengi kama watu wa bima.

Hii nakuandikia nikiwa kwa mama mshonaji wa mtaa wetu, juu ya meza ya cherehani yake, kwa hiyo usamehe mwandiko. Huwa naruhusiwa kuja kupima nguo. Ukinijibu, tuma kwake. Nimeandika anwani nyuma ya bahasha. Ni mama mwema, hana maneno mengi, na pini zake zote anaziweka mdomoni.

Kioo bado hakijapatikana, kinaagizwa kutoka mbali. Kwa sasa tumebandika nailoni. Ikipigwa na upepo inalia usiku kucha.

Uliuliza kuhusu punje. Sikumbuki vizuri. Lilikuwa jiwe. Jua lilikuwa kali sana siku hiyo na nilikuwa na kiu. Naomba tusizungumze habari hiyo.

Msalimie Baba. Mwambie nina furaha.

Nje. Kona ya chini.


9 Machi

Mwanangu,

Baba yako hajambo. Salamu ziishie hapo, leo sina utani.

Jiwe la mtu aliye nje humwaga punje ndani. Zikianguka nje, aliyepiga alikuwa ndani. Na asiyejua vioo hupiga katikati mpaka mikono ife ganzi. Anayepiga kona ya chini amefundishwa, na nikihesabu niliowafundisha, mmoja ni marehemu na mwingine ni wewe.

Nani alikuwa ndani ya gari lile?

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejilaza chini ya gari la mteja ili mtu asinione uso. Naogopa, Chiriku. Nimeandika neno hilo na silifuti. Niambie nije.

Shangazi yako.


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama mshonaji anakusalimu ingawa hamjuani. Baba msalimie, ila hii usimsomee.

Usije. Nalitanguliza hilo ili usome mpaka mwisho ukiwa umetulia.

Nilikuwa ndani mimi. Ni siku niliyomwambia nataka kuja kukuona, niliposikia mgongo umekulaza. Hakugomba. Yeye hagombi, ndiyo maana Baba anampenda. Alisema nimsindikize kazini kwanza, tutazungumza njiani. Mimi hukaa kiti cha nyuma, mbele yeye huweka mkoba wake. Tulipofika aliegesha kwenye jua, akashuka, akaniambia, "Kaa humo ufikirie." Nikasikia milango inajifunga. Haikuwa mara ya kwanza, Shangazi. Siku nyingine huwa anakumbuka kurudi mapema.

Milango ile ina vitufe tu, na akifunga kwa simu vitufe vinakufa. Kile kishikizo cha dharura cha mlango wa mbele alikitoa mwenyewe, alisema kinapiga kelele barabarani. Nilibisha dirishani mpaka mlinzi akaja, akachungulia, akaniambia bosi amesema nimepumzika nisisumbuliwe. Joto likapanda mpaka mate yakanikauka. Nikasoma alama za kwenye kona za vioo, kama ulivyonifundisha. Vya pembeni vyote ni vya tabaka mbili, ungepiga mpaka uzeeke. Cha nyuma ni cha tabaka moja. Nikachomoa kiegemeo cha kichwa, nikapiga kona ya chini kwa vyuma vyake. Kichwani nilikuwa nakuona wewe na ufagio wako.

Hakunipiga. Alinifuta damu mikononi mbele ya mlinzi, akasema watoto wa siku hizi wana jeuri kweli, kurusha mawe mchana kweupe. Mlinzi akaitikia. Nyumbani akasema kioo kikishawekwa mambo yetu yatarudi yalivyokuwa.

Ndiyo maana nakiogopa kioo, Shangazi. Nailoni inachanika kwa kucha. Kila jioni akiingia huwa naitazama mikono yake kuona kama kimefika.

Usije. Akijua nimesema, sijui atafanya nini. Ningejua ningeogopa kidogo.


14 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima wa afya tele. Barua yako ya mwanzoni mwa mwezi ilifika kwa mshonaji na mume wangu alikwenda kuichukua mwenyewe. Tumeisoma pamoja. Amesikitika kwamba unataka kuja kunichukua kama mzigo uliosahauliwa stendi. Mimi pia nimesikitika. Yale niliyokuandikia yalikuwa ya homa. Tafadhali usiandike tena kwa mshonaji. Siendi tena huko, nguo nilizonazo zinatosha.

Habari njema ni kwamba kioo kimewekwa. Tulipata fundi hodari sana. Aliikwangua gundi ya zamani yote mpaka bati likang'aa kama sufuria, kisha tukapanda gari hapo hapo tukaondoka, milango tukiibamiza kama kawaida. Ungekuwepo ungemsifu, Shangazi, kama ulivyonisifu mimi siku ile ya gari la mwenye duka la viatu.

Mume wangu amesoma barua hii na anakusalimu.


20 Aprili

Mkwe wangu mheshimiwa, pamoja na binti yangu,

Salamu nyingi sana. Mkwe, kabla ya yote nakuomba radhi. Mimi ni mwanamke niliyezeeka gereji, nimezoea kugombana na vyuma, na mdomo wangu hauna breki. Binti aliniandikia mambo ya homa na mimi nikaparamia kama mwehu. Kaka yangu amenisema sana. Nitakuja kukuomba radhi ana kwa ana, kwa magoti ukitaka, maana nina deni la heshima kwako.

Ila nimesoma kuhusu huyo fundi nikashika kichwa. Bati kukwanguliwa hadi kung'aa! Mkwe, hiyo ni kazi ya mtu aliyelewa. Kutu haichelewi, na gundi itaachia maji pole pole. Kwenye gari la kawaida maji yanaharibu zulia tu, lakini lako chini ya zulia hilo kuna nyaya zenye thamani kuliko gereji yangu nzima. Mwambie binti awe anaingiza mkono chini ya zulia la nyuma kila asubuhi. Likiwa kavu, nitashangaa sana.

Likilowa, usimpe mtu mwingine akaliharibu zaidi. Nitakuja mwenyewe, nitakifungua kioo hicho hicho na kukirudisha inavyotakiwa, mbele ya macho yako. Kazi hiyo ni ya watu wawili, na binti anaijua, nilimlea nayo. Tukimaliza utakunywa maji kwa amani na mimi nitarudi kwangu.

Shangazi yenu, mwenye aibu.


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Zulia limelowa. Mume wangu ameingiza mkono mwenyewe, na kuna harufu ya uvundo. Hajalala vizuri. Anasema uje, na kwamba atasimama hapo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwanza utaomba radhi.

Mimi.


11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ile niliyoshindwa kukupa tulipoachana stendi maana meno yalikuwa yanagongana. Rafiki yako dobi amenipokea kama aliyekuwa akinisubiri miaka. Anaongea kuliko mimi, hebu fikiria. Napiga pasi mashuka ya hoteli na ya hospitali. Chumba changu kina komeo kwa ndani. Nalifunga, nalifungua, nalifunga tena, na dobi anajifanya hasikii.

Ndani ya basi hatukuzungumza, kwa hiyo nakuambia sasa. Maji nilikuwa nayamwaga mimi, kikombe kimoja chini ya zulia kila asubuhi kabla hajaamka. Fundi wake hakuwa na kosa lolote; ile ya bati kung'aa niliitunga, maana yeye hakusimama kumtazama.

Ulipopiga magoti pale uani kumwomba radhi, nilikuchukia kidogo. Nisamehe. Nilidhani umemwamini. Hata ulipochomoa betri ndogo na taa za gari zikazimika, bado nilidhani umekuja kunifungia humo vizuri zaidi. Ulinitupia glavu kama zamani, tukakikata kioo, tukakiinua, ukapaka gundi, tukakirudisha, na yeye amesimama mgongoni kwetu, akipumua. Ndipo ukasema, "Mkwe, njoo ushike hapa. Viganja vyote viwili. Ukiachia kinateleza, kikiteleza kinasagika, na kingine utaagiza kutoka mbali." Akashika. Ukasema umesahau utepe, tukauchukue ndani.

Utepe niliuona mkobani mwako, Shangazi. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi. Hapo ndipo nikaelewa.

Jambo ambalo wewe hukuliona, kwa sababu ulikuwa umetangulia kufungua geti: niligeuka. Alikuwa ameinama juu ya gari lake, mikono ameinyoosha, shati limelowa jasho mgongoni. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake na hakuthubutu kuitoa. Alisema bila kugeuka, "Harakisheni." Nikamjibu, "Tunakuja." Ndilo neno langu la mwisho kwake.

Shangazi, siku zote hizi ninaogopa. Ningependa kukuambia nimepona lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Gari la mtu mwingine unalisikia likija. Lake halina mlio. Nikivuka barabara nageuka, nikianika mashuka nageuka. Alijua gereji yako tangu tunachumbiana. Unaogopa na wewe, au ni mimi tu?

Chiriku.


28 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, na hii ihesabu kwa zote ulizonidai. Dobi nimemjua tangu tuna meno ya utotoni, na hajawahi kumaliza sentensi bila kuanza nyingine. Mwambie akupe na wewe zamu. Mama mshonaji ameniandikia kwamba mumeo, yule asiyepandisha sauti, alikwenda kumfokea. Alimwacha afoke, akatoa pini mdomoni, akamuuliza kama anataka kupimwa suti.

Baba yako nimemsomea barua yako ya Machi. Ulinikataza, nami nimevunja katazo lako, nigombeze siku tutakayoonana. Aliingia ndani, akaishusha picha ya harusi. Tangu hapo hajamsifu mtu yeyote, na fundi wa pancha anasema anatamani hata ule usumbufu wa zamani.

Umeuliza kama naogopa. Subiri.

Alikuja. Nilikuwa nimepiga magoti nakwangua gundi ya gari la mteja, na kweli, gari lake halina mlio. Niliona viatu tu, vimesimama karibu na mkono wangu. Sikuweza kuinuka, na safari hii haukuwa mgongo. Akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Shangazi, nimekuja kumchukua mke wangu." Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa majuma, na yote yakanipotea. Kisu kilinidondoka. Fundi wa pancha akavuka akiwa na spana ya magurudumu, akasimama kando yangu, na baba yako akainuka kwenye kiti chake pale gereji akaja na magoti yale yale mabovu, akajiweka mbele ya mkwe wake. Akamwambia, "Bwana, hapa hakuna mke wako. Hapa kuna binti yangu, naye hayupo."

Mumeo alitutazama mmoja mmoja. Mimi sauti ikanirudi, unajua imerudi na swali gani? Nikamuuliza, "Mkwe, kioo kinavuja?" Akarudi kwenye gari.

Barua zako zote tuma kwa jina la fundi wa pancha, na usiandike mahali ulipo hata kwa mafumbo. Anaweza kurudi. Baba yako na fundi wa pancha wanapokezana kukaa nje, wanajifanya wanacheza drafti.

Ndiyo, naogopa, mwanangu. Lakini gari lilipogeuka pale kwenye kona nilikitazama kile kioo tulichokibandika wawili. Kimekaa sawasawa, hakijasogea hata unywele. Tumpe haki yake, alishikilia vizuri. Na kwa jua lilivyokuwa limepiga nikaona mpaka ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nikakaa pale pale chini, juu ya punje za watu, nikalia mpaka baba yako akaleta ufagio.

Shangazi yako.